Leseni, baraza la maaskofu au sheria iliyopo? Njia tatu za kusimamia makanisa, zikipimwa kutoka magharibi mwa Kenya

Tangu makaburi ya msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako waumini walifunga hadi kufa, yaanze kufukuliwa Aprili 2023 na hesabu ya maiti kupita 400, kila mtu ana dawa yake kuhusu makanisa. Huku kwetu mjadala uliwaka upya Aprili 2025, polisi walipovamia kanisa moja huko Opapo, karibu na Rongo, kaunti ya Migori, wakakuta miili miwili imezikwa humo na waumini zaidi ya hamsini wakiishi hapohapo. Ukizichuja hizo dawa zote, zinabaki tatu. Serikali itoe leseni kwa wahubiri. Au makanisa yajisimamie yenyewe kupitia mabaraza yao. Au tuachane na hayo yote, mhalifu akamatwe kwa sheria ileile inayomkamata mtu mwingine yeyote.

Nazipanga hapa ubavu kwa ubavu ili ukiitwa ukumbini kutoa maoni kuhusu mswada wa dini, uwe unajua unachokubali. Nitaje pia upande wangu, maana sitaki mtu aje kuugundua katikati ya safari: mimi si mtu wa dini, na kwa maoni yangu kazi ya serikali ni kumlinda mtu asidhulumiwe na mwenzake. Roho yake haiihusu. Msomaji mlokole asikimbie lakini. Kama utakavyoona, yeye na mimi tuko kwenye mtumbwi mmoja kuliko anavyodhani.

Leseni ya kuhubiri

Mfano wa karibu ni Rwanda. Mwaka 2018 zaidi ya makanisa 700 yalifungwa jijini Kigali pekee, mengi kwa sababu ya majengo duni, usafi na kelele. Mwaka huohuo ikatungwa sheria inayodai elimu ya chuo ya masomo ya dini kwa viongozi, wakapewa miaka mitano ya kujiweka sawa. Muda ulipokwisha ukaguzi ukarudi, na kufikia 2024 nyumba za ibada zilizofungwa zilikuwa zinahesabiwa kwa maelfu.

Wako Wakenya wengi wanaoitazama Kigali wakimeza mate, na nawaelewa. Ukiishi Nyalenda au Manyatta hapa Kisumu, kwenye ploti ambayo kanisa la mabati limeegemea ukuta wa chumba chako cha kulala, spika mbili zimeelekezwa dirishani kwako, na kesha la Ijumaa linafunguliwa kwa "hallo, hallo, moja mbili, haleluya", utatamani leseni, ukaguzi na hata jeshi. Asubuhi ukitoka kununua mkate unamkuta mchungaji amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, sauti imemkauka, anakuuliza umelalaje.

Tatizo la leseni haliko kwenye kelele. Liko kwa anayeitoa: ni nani huyo, na anaweza kumnyima nani? Hapa magharibi mwa Kenya hatuhitaji kubahatisha jibu, kwa sababu tumeliishi. Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, aliyewahi kuichezea Kenya kandanda, alianzisha Dini ya Msambwa miaka ya 1940. Wakoloni walimpeleka hospitali ya Mathari kama mgonjwa wa akili. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake Malakisi na kuwaua watu 11, na dini yenyewe ikapigwa marufuku mwaka huohuo. Hapo mtu atasema, hao walikuwa wakoloni. Sawa. Ila mwaka 1968, tukiwa na bendera yetu na rais wetu, serikali ya Kenya huru iliipiga marufuku dini hiyohiyo tena. Mamlaka ya kuzima imani yalirithiwa na watawala wapya yakiwa mazima, kama yalivyorithiwa magereza na nyumba za mabwana wilaya.

Sasa sogea hadi 2016. Februari mwaka huo msajili wa vyama alikiandikisha chama cha Wakenya wasioamini Mungu, cha kwanza cha aina yake nchini. Hata miezi mitatu haikuisha. Aprili cheti kikasimamishwa kwa hoja ya malalamiko ya umma na hofu ya kuvuruga amani. Hakuna aliyekuwa amepigwa, wala aliyeibiwa. Kosa lilikuwa maneno yao, yaani kutosema neno ambalo wengi hulisema. Mbukusu, mfuasi wa Masinde, aliyeabudu kwa mila za mababu na kijana wa mjini asiyeabudu chochote wamekutana na ofisi za serikali ileile na kupata jibu lilelile, kwa sababu wote wawili waliwaudhi walio wengi.

Wanaodhani leseni itamgusa nabii wa uongo peke yake wakumbuke pia Januari mwaka huo wa 2016. Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Githu Muigai, alileta kanuni za kuwataka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia na makanisa yajiandikishe upya. Makanisa makubwa kwa madogo yakapiga kelele, pamoja na Waislamu, hadi Rais Uhuru Kenyatta akaamuru zirudishwe mezani. Walikuwa na haki ya kupiga kelele. Ningependa tu ningewasikia wakipiga kelele hizohizo miezi mitatu baadaye, cheti cha wasioamini kiliposimamishwa.

Halafu kuna jambo ambalo watetezi wa leseni hulipita haraka sana: kanisa la Paul Mackenzie, mhubiri wa Shakahola, lilikuwa limeandikishwa. Cheti chake kilifutwa mwaka 2023, watu wakiwa wameshakufa.

Makanisa yajisimamie

Njia hii ndiyo inayopendwa na viongozi wa dini wenye suti nzuri. Kila mhubiri awe chini ya mwavuli fulani, iwe ni Baraza la Kitaifa la Makanisa, Muungano wa Kievanjelisti, Baraza la Maaskofu wa Katoliki au SUPKEM kwa upande wa Waislamu. Mwavuli umjue, umfunze, umwadhibu akipotoka. Jopo lililoundwa na Rais William Ruto mwaka 2023 chini ya Kasisi Mutava Musyimi liliwasilisha ripoti yake Julai 2024, na kati ya mapendekezo yake ni kuundwa kwa tume ya masuala ya dini. Hapo ndipo njia ya kwanza na ya pili zinapoanza kufanana, kwa sababu tume ya namna hiyo lazima ikaliwe na mtu, na watakaoikalia ni walewale wa miavuli.

Kama mwavuli ni wa hiari, sina neno. Watu huru wakikubaliana kanuni na kumfukuza mwenzao anayezivunja, hiyo ni haki yao, na kusema kweli makanisa mengi yangefanya vizuri kuanza na hilo. Mambo huharibika pale sheria inapoulazimisha. Hapo kuanzisha dhehebu jipya ni kama kumwomba mwenye duka la jirani akupe kibali cha kufungua lako.

Zitazame dini zilizozaliwa huku kwetu. Johana Owalo alijitenga na wamisionari akaanzisha Nomiya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wafuasi wa Roho waligombana na Waanglikana wenzao, na Januari 1934 kiongozi wao Alfayo Odongo Mango akachomwa ndani ya nyumba yake huko Musanda. Mwaka 1942 Zakayo Kivuli aliondoka kwa Wapentekoste wa Nyang'ori akajenga African Israel Church Nineveh. Miaka ya 1960 Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko wakaongoza Legio Maria kutoka kwa Wakatoliki. Wote hao walikuwa wanakataa mwavuli fulani. Kama Owalo angehitaji sahihi ya wamisionari aliowaacha, au Legio Maria ihitaji sahihi ya askofu wa Katoliki, leo Jumapili asubuhi pale Kondele tusingeona misafara ya kanzu nyeupe, vilemba, bendera na ngoma ikikata barabara huku matatu zikisubiri. Kati ya waasisi hao, hakuna hata mmoja aliyekuwa na digrii ya chuo kikuu.

Mtu asiye na dini naye hana mwavuli wa kuingia. Katika mpango huu yeye hayupo kabisa.

Sheria iliyopo, bila nyongeza

Njia ya tatu haina mvuto jukwaani. Haina tume, haina bajeti, haina mwenyekiti wa kuapishwa. Inasema hivi: amini utakalo, hubiri utakalo, lakini ukimdhuru mtu utashtakiwa kama mtu mwingine yeyote, kanzu haitakuokoa wala haitakuongezea kosa. Katiba ya 2010 imeshaweka msingi. Kifungu cha 8 kinasema nchi haina dini ya serikali. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, imani na maoni, na kinakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume na imani yake.

Silaha za kumkabili mhalifu zimo sheriani tayari. Kuua na kusababisha kifo kumo kwenye Kanuni ya Adhabu, pamoja na kumsaidia mtu ajiue na kujipatia pesa kwa udanganyifu. Mtoto analindwa na Sheria ya Watoto ya 2022. Mzazi asiyempeleka mtoto shule ana kosa chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Hata zile spika za Nyalenda zina kanuni zake za kelele tangu 2009, na hazikuulizi kama unapiga kwaya au rhumba.

Basi Shakahola ilitokeaje? Mackenzie alikamatwa mwaka 2017 kwa mambo ya watoto kuzuiwa kwenda shule. Akakamatwa tena Machi 2023, baada ya watoto wawili kufa kwa njaa, akaachiliwa kwa dhamana. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu katika ripoti yake ya 2024 iliwalaumu maafisa wa usalama wa Malindi kwa kuzembea kazini, kwani taarifa zilikuwa zimewafikia. Hii ndiyo sababu siielewi hoja kwamba sheria ilipungua. Sheria ilikuwepo, malalamiko yalikuwepo, mshukiwa alikuwa mkononi. Ofisi iliyoshindwa kumfuatilia mtu ambaye watoto wamekufa mikononi mwake, leo tunataka kuipa kazi ya kukagua vyeti vya theolojia nchi nzima?

Linganisha na Bungoma. Mei 2023, joto la Shakahola likiwa juu, polisi walimzuilia Eliud Wekesa, yule anayejulikana kama Yesu wa Tongaren. Walichunguza, wakauliza, wakatembelea boma lake. Hawakupata kosa. Akaachiliwa, akarudi kwa wafuasi wake. Watu walicheka, wengine wakakasirika, lakini hiyo ndiyo njia ya tatu ikifanya kazi yake sawasawa. Mtu kujiita Yesu hakumpunguzii jirani yake hata ndururu. Chini ya leseni angefungiwa siku ya kwanza, na chini ya baraza hata mlangoni asingefika.

Njia hii ina mahali inapouma, na ni hapa: watu wazima. Mjini Nakuru kuna watu wanaoteremka kwenye mapango ya Menengai kufunga na kuomba kwa siku kadhaa. Mtu mzima mwenye akili timamu akiamua kukaa na njaa kwa ajili ya Mungu wake, mimi sina haki ya kumlisha kwa nguvu, na polisi hana. Mwanawe wa miaka sita aliyemshika mkono, hapo serikali iingie mbio, isimuulize mzazi anaamini nini. Kati ya hao wawili kuna ukungu. Opapo, baadhi ya waliotolewa waliendelea kuimba hata baada ya kupelekwa kituoni. Je, walikuwa watu huru wanaoburutwa kutoka nyumbani kwao, au watu waliofungwa akili? Kipimo ninachokitumia mimi ni cha mlango: je, mtu anaweza kutoka? Ana simu yake, kitambulisho chake, ndugu zake wakija wanaruhusiwa kumwona, akitaka kwenda hospitali anaachwa aende? Mlango ukiwa umefungwa kwa nje, hilo ni kosa la kumzuia mtu, na halihitaji sheria ya dini kulitambua. Ukiwa wazi na bado haondoki, nitasikitika, nitabishana naye, lakini sitamwita askari. Kuna wasomaji watakaoona huo ni ukatili. Hoja yao ina uzito, na katika njia zote tatu hakuna inayoifuta. Leseni inaihamishia tu kwa karani.

Watu watatu kwenye kila mlango

Chukua kwanza nabii anayewashindisha watoto njaa. Kwenye leseni atakuwa na cheti mpaka siku ya kufichuliwa, kama ilivyotokea. Na akinyimwa, ataingia msituni zaidi. Kwenye baraza atafukuzwa uanachama, na huyo ni mtu ambaye uanachama haumhusu. Kwenye sheria iliyopo anakamatwa siku jirani anapopiga ripoti, mradi polisi waamke. Kila njia mwishowe inamtegemea askari huyohuyo, tofauti ni kwamba ya tatu inakiri hivyo.

Mchungaji wa mabati wa Manyatta, mwenye waumini thelathini na anayeuza makaa siku za kazi, hana ada ya chuo cha theolojia. Leseni inamfunga. Baraza linamtoza ada ya uanachama na kumpa askofu wa kumwamkia. Sheria ya kawaida inamwambia apunguze sauti usiku na achimbe choo, kama inavyomwambia mwenye baa.

Na asiyeamini, utakuwa umeshalijua jibu. Msajili alimsimamishia cheti mwaka 2016. Baraza halimtambui. Njia ya tatu haimuulizi.

Gharama ambayo makanisa hayapendi kuisikia

Njia ya tatu ina masharti kwa pande zote mbili. Kanisa lisilotaka mkono wa serikali madhabahuni halipaswi kusubiri bahasha ya serikali madhabahuni. Jumapili baada ya Jumapili, kuanzia Kakamega hadi Nakuru, msafara wa magari makubwa huingia uani kwa kanisa, mheshimiwa anapewa kiti cha mbele kisha kipaza sauti, na kabla ya sala ya mwisho kiasi kinatangazwa. Novemba 2024 jimbo kuu la Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa rais kwa parokia yake moja na kutaka pesa zirudishwe. Mimi nisiyekwenda misa niliwapigia makofi, maana mchungaji aliyejengewa paa na gavana atamkemeaje?

Shule nazo ni hivyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wa shule, ambaye mara nyingi huku kwetu ni kanisa la Kiquaker, la Kianglikana au Katoliki, nafasi kwenye bodi na usemi katika mambo ya kiroho. Wamisionari walijenga, hilo ni kweli. Kaimosi ya Waquaker ilianza 1902 na Maseno 1906. Lakini walimu leo wanalipwa kwa kodi ya Mwislamu, Mwadventista na mimi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ililazimika kuingilia kati kabla ya wanafunzi Waadventista kukubaliwa kupumzika siku yao ya Sabato. Kesi kama hizo zitaendelea kuzaliwa maadamu shule ya umma ina mwenyewe wa kiroho.

Uchague ipi

Kama hofu yako kubwa ni kelele, vyoo na majengo yanayoweza kuwaangukia watu, huhitaji yoyote kati ya mbili za kwanza. Bana kaunti yako itumie kanuni za ujenzi na mazingira ilizonazo, na isiwaogope maaskofu.

Kama unachoogopa ni wahubiri wanaokula pesa za maskini kwa miujiza ya kununuliwa, baraza la hiari litakusaidia kidogo kwa kukuonyesha nani amekubali kukaguliwa vitabu vyake vya hesabu. Hapo mimi mwenyewe ningelipatia alama. Anayedanganya waziwazi ashtakiwe kwa udanganyifu. Anayesema tu panda mbegu Mungu atakubariki, na wewe ukapanda, hiyo ni pesa yako.

Kama unaogopa Shakahola nyingine, chagua ya tatu na uwabane polisi, na udai pia: afisa wa watoto mwenye gari na mafuta katika kila kaunti ndogo, chifu anayelazimika kuandika ripoti mtoto akitoweka shuleni, na hakimu anayepima dhamana kwa uzito wa watoto waliokufa.

Na mswada wowote utakaoletwa ukumbini, uwe wa tume au wa msajili, usianze kusoma utangulizi wake wenye maneno matamu kuhusu usalama. Nenda moja kwa moja kwenye kifungu kinachosema nani anaweza kukataa maombi ya usajili na kwa sababu zipi. Ukikuta humo maneno kama "maadili", "utulivu" au "maslahi ya umma" bila maelezo zaidi, simama uulize yangetumiwaje dhidi ya Masinde mwaka 1968, na yangetumiwaje dhidi ya kanisa lako siku ambayo wengine watakuwa ndio wengi. Omba jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.